Mwalimu Aliyetufundisha Akiwa Amelala

Mwenzangu, haya ninayokuandikia hata mume wangu hayajui yote, na mume wangu ni mtu mwema asiyenificha jambo. Nakuambia wewe kwa sababu umekaa kutaka kusoma habari za mtu usiyemjua, na mtu mwenye hamu ya habari za mwenzake huwa namwamini. Nitakueleza juu ya Mwalimu. Jina lake ninalo, kwenye dua zangu nalitaja, lakini hapa nitamwita vile tulivyomwita sisi wanawake wa kijiji cha Mahurunga. Mwalimu, basi. Hata mbuzi wakiingia uani kwake tulipiga kelele, "Toeni mbuzi kwa Mwalimu!" na kila mtu alijua ni wapi, ingawa shule ya watoto ilikuwa na walimu wengine sita.

Yeye alikuwa mwalimu wa ngumbaro, wa sisi watu wazima tusiojua kusoma. Nilianza kwake nikiwa na watoto wawili na jembe. Haya maandishi unayoyaona ni kazi ya mikono yake. Na alinifundisha akiwa amelala.

Sikutanii. Alikuwa analala chali kwenye mkeka barazani, miguu ameipandisha juu ya gunia la korosho, kichwa kiko chini. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, umekaa sakafuni kabisa, usawa wa macho yake. Tunafika saa kumi, tumetoka shamba, majembe tunayalaza mlangoni, tunanawa, tunakaa chini kumzunguka. Anayeitwa kuandika anachuchumaa. Mwalimu anageuza shingo tu. "Hiyo herufi mbona imewapa wenzake mgongo? Iambie iwatazame." Alikuwa na ufito mrefu wa mwanzi, mwisho wake amefunga kitambaa chekundu, ndio anaonyeshea silabi bila kunyanyuka. Ukisinzia, kitambaa chekundu kinakuja kukugusa pua.

Mgeni akipita alifikiri tunauguza. Sisi tulikuwa tunasoma.

Alikuwa mtu wa upande wa Songea, Mkatoliki, rozari yake imening'inia kwenye msumari wa dirisha. Saa alivaa kwa ndani ya mkono, kioo kimetazama mshipa. Hakuwa na mtoto, na hakupenda kuulizwa. Gauni lake lilikuwa limenyooka kila siku ya Mungu. Alikuwa analipiga pasi mwenyewe, amekaa kitako, mikono inatetemeka, na kwa gauni hilo moja analala saa mbili kabla hajaweza kuongea tena. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, leta nikupigie mimi. Kwani nani anakuona?"

"Ninyi mnaniona," akasema. "Nikilala na gauni lililokunjamana, mtasema huyu mgonjwa. Nikilala na lililonyooka, mtasema Mwalimu amelala."

Neno moja lilikuwa limepigwa marufuku barazani kwake, nalo ni "sana". Ukisema mvua imenyesha sana, anauliza, "Sana ni ngapi? Imejaza ndoo? Imefika kisigino?" Ukisema mume wako anakupenda sana, hapo ndio umejitafutia, maana wanawake wote watacheka mpaka utoe hesabu. Bi Somoe, kungwi wetu, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko pilipili zake, alimjibu siku moja, "Mwalimu, mume wangu ananipenda debe moja, lakini debe lenyewe limetoboka." Mwalimu alicheka mpaka akaanza kuhema, tukasimamisha somo.

Alikuwa na mambo yasiyokubaliana. Hakutaka umbea, lakini ukimnyima habari ya jana ananuna. Hakutaka kuhurumiwa, lakini zikipita siku mbili hujapita kumsalimia anakuita kwa jina la babako. Mkristo, lakini nyakati za sala alizijua kuliko sisi. Mimi alikuwa ananiambia, "Mama Zuhura, alasiri hiyo inakuponyoka, hizo silabi zitakungoja." Tulipomletea kombe, maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji ya waridi, tulidhani atakataa. Akanywa yote, akafuta mdomo, akasema, "Maneno ni ya Mungu, na maji nilikuwa nayahitaji." Mimi ningemtaka awe wa dini yangu, sikufichi. Niliomba hivyo kwa miaka. Sasa naomba tu nikutane naye huko mbele, mlango atakaopitia yeye Mwenyezi Mungu anaujua.

Kuhusu ugonjwa wake watu walisema yote. Wapo waliosema jini la mtoni, wapo waliosema damu haitoshi, wapo waliosema ni kukosa mume. Wengi walisema uvivu, na hilo ndilo lililomuuma. Ugonjwa wenyewe ulianza na homa, homa ya kawaida kama ya mtu yeyote, ilimshika wiki mbili ikaondoka. Homa ikaondoka, nguvu hazikurudi. Zahanati walimpa kwinini, wakampa vidonge vyekundu vya damu, wakampa vitamini. Wakachoka wao.

Aliwahi kunieleza, nikiwa nimekaa karibu na kichwa chake namenya ming'oko, vile viazi vya porini. "Uchovu wenu mnalala nao, asubuhi mnaamka peke yenu. Mimi wangu tunaamka wote wawili. Na leo nikifua nguo tatu, leo mtaniona mzima. Njoo unione kesho."

Alichoogopa siyo kulala. Kulala alikuwa amekwisha kuzoea. Aliogopa akili. Siku nyingine alikuwa anatafuta neno dogo, kijiko, mlango, halipati, macho yanamjaa maji. "Herufi zikinikimbia nitazifuata," alisema. "Hesabu zikinikimbia, mimi sipo tena." Kama kwake kulikuwa na kitu cha kujivunia, ilikuwa hesabu. Amelala hapo, macho ameyafumba, unamtajia namba nne, anakupa jumla kabla hujavuta pumzi. Naomba hilo ulikumbuke.

Sasa nije kwenye barua. Ofisi ya elimu walipata habari kuwa kuna mwalimu anayefundisha amelala. Barua ikaja: mvua zikiisha mkaguzi atafika, na mwalimu asiyeweza kusimama mbele ya ubao ataondolewa kazini. Nyumba ile ilikuwa ya kazi. Kuondolewa kazini kulikuwa ni kuondolewa Mahurunga.

Nilimsindikiza mjini mimi. Alikwenda amelala juu ya magunia ya korosho, kwenye lori lililokuwa linaelekea bandarini, mwavuli nimemshikia njia nzima. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimlaza kitandani, akashika mkono wake, akahesabu kwa saa. Sabini na nane. Akamwambia asimame aegemee ukuta, akahesabu tena. Mia moja ishirini na sita, na midomo ya Mwalimu imegeuka rangi ya majivu, na magoti yanakwenda. Tukamdaka.

"Huyu si mvivu," daktari akaniambia mimi, kama vile mimi ndiye niliyesema. "Akisimama, moyo unakimbia kama anafukuzwa. Uchovu wa namna hii upo, unaitwa uchovu sugu, na sisi wenyewe hatuujui vizuri. Kuna madaktari wanajaribu kuutibu kwa dawa za presha."

"Lakini mimi sina presha," Mwalimu akasema.

"Najua huna. Ndiyo maana nitakupa nusu tu, nusu asubuhi na nusu jioni, kuutuliza moyo. Na maji mengi, na chumvi usiiogope, maana wewe siyo mgonjwa wa presha ya kupanda. Nasema tunajaribu. Wapo wanaopata nafuu, wapo wanaozidi kuchoka, na mimi sijui wewe uko upande gani. Na wewe mama, nataka kila siku ahesabiwe mapigo, amelala na amesimama. Yakishuka chini ya hamsini msimpe. Na mkitaka kuacha msiache ghafla, mje kwanza."

Akatoa vidonge tisini. Akaviweka kwenye mkono wangu, kwa sababu Mwalimu mwenyewe alisema, "Mpe huyu. Mimi nitasahau kama nimekunywa, nitakunywa mara mbili." Nilikuwa nimejua kuhesabu mwaka mmoja tu. Nikavitia kwenye kopo la kahawa, nikafunga na kitambaa, nikalishika mpaka nyumbani kama nimebeba yai.

Kila siku nikawa nahesabu. Mpaka hapo namba nilizozijua vizuri zilikuwa zinaishia mia. Zilizozidi mia nimejifunzia kwenye mkono wake, kidole changu juu ya mshipa, jicho kwenye saa yake, midomo inatembea. Nikawa naandika kwenye daftari, amelala hivi, amesimama hivi. Na kwa vile yeye alikuwa Mwalimu, hakuniacha niandike tu. "Toa sasa. Tofauti ni ngapi?"

Siku moja somo la kutoa likawa gumu darasani, wanawake wanakopa vidole vya jirani. Akasema, "Lete daftari. Wote lalani chini."

Wanawake kumi na mmoja wakalala barazani wamepangana kama samaki wa kuanika, vicheko mpaka nje. Tukahesabiana wawili wawili, Mwalimu anatutajia dakika kwa saa yake. Halafu simameni, tukahesabu tena. Bi Somoe alipata sabini akilala, themanini na mbili akisimama. Tofauti kumi na mbili. Mimi kumi na nne. Mwingine tisa, mwingine kumi na moja. Mwalimu akaniambia, "Sasa andika zangu za siku ile ya mjini." Nikaandika ubaoni. Mia moja ishirini na sita, toa sabini na nane.

Walichukua muda. Nilimwona Somoe anaandika kwa kidole kwenye vumbi, anafuta, anaandika tena. Akafika arobaini na nane. Akanyamaza, na Somoe kunyamaza ni habari.

"Mie," akasema mwishoni, "moyo wangu ulikwenda mbio hivi mara moja tu, nilipokutana na kiboko bondeni."

"Basi mimi kila nikienda chooni nakutana na kiboko," Mwalimu akasema.

Walicheka, lakini siyo kile kicheko chao cha siku zote. Somoe ndiye aliyekuwa akimwita mvivu kisimani mbele za watu. Siku ile, wakati wa kuondoka, aliinama akamwekea vizuri gunia chini ya miguu.  Tangu hapo hata mtu wa pembeni akisema Mwalimu mvivu, Somoe anamwambia, "Kalale tukuhesabu."

Na dawa ilimsaidia. Nakuambia nilichokiona kwa macho yangu. Wiki ya tatu akisimama anapata tisini na mbili, akilala sitini na sita. Hakupona, nataka unielewe hapo. Akifua nguo bado anaanguka kesho yake. Lakini alioga amesimama, kitu ambacho hakukifanya kwa miaka minne, na nilimsikia huko bafuni anaimba. Jioni moja alisimama mbele ya ubao mpaka tukamaliza kuandika sentensi tatu. Ubao tuliunyanyua tukauweka juu ya meza, kwa mara ya kwanza tukamtazama Mwalimu kwa kuinua vichwa. Alikuwa mrefu! Hakuna aliyejua kuwa ni mrefu vile. Na mkaguzi tulikuwa tunamngoja bila hofu. Tulikuwa tunamngoja kama harusi.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika.

Masika ilikuwa imeanza, ni palizi ya mpunga bondeni. Bi Somoe alinifuata jikoni.

"Mama Zuhura, vile vidonge vya uchovu vya Mwalimu unavyo wewe?"

"Ni vya moyo, Bi Somoe. Siyo vya uchovu."

"Usinizungushe. Mtu alikuwa hainuki, sasa anainuka. Vya uchovu. Nipe kimoja, nina majaruba matatu ya kupalilia na usiku mzima nimebembeleza mjukuu mwenye homa."

"Hivi vimehesabiwa."

Akanitazama. "Kwani uchovu wenye dawa ni wa walimu tu? Sisi wa jembe uchovu wetu nani anaupima?"

  Kwetu ukipika mboga jirani anaonja. Dawa ya macho ikibaki, mtoto wa jirani anapakwa. Kuwa na kopo la dawa ndani na kumwambia mtu mzima, kungwi wako, hapana, nilikuwa sijawahi kukifanya hicho kitu maishani mwangu. Nikampa kimoja kizima. Kesho yake akaja mwanamke mwingine. Halafu mwingine. Nikawa nampa kila mtu na kusema bismillahi, nikijiona nimetoa sadaka. Nilikuwa napenda wakiniita mama wa dawa, hilo nalo niseme.

Wengi walisema hawakusikia kitu. Somoe alirudi mara ya pili akapewa viwili, akaenda bondeni, katikati ya jaruba akakaa chini kwenye maji, uso umepoa, jasho la baridi, anatuona wawili wawili. Tulimbeba. Nilimshika mkono nikahesabu: arobaini na nne.  Alipopata nafuu nikafunga kopo, nikaapa. Halafu nikahesabu vilivyobaki.

Nilikuwa nimegawa kumi na tisa.

Ningekwenda siku ile ile kwa Mwalimu nikamwambia, tungepunguza kidogo kidogo, vingetusogeza. Sikwenda. Nilisema moyoni barabara itakauka, nitakwenda mjini, nitaongeza, hatajua. Mvua ikazidi, maji yakakata njia, hakuna gari wala baiskeli. Nikaendelea kumpa nusu zake kama kawaida, mpaka Ijumaa moja nikampelekea mikono mitupu.

"Vimekwisha," nikasema.

Akafumba macho. Nilimwona anahesabu, midomo haitikisiki. "Haviwezi kwisha. Tisini, nusu mara mbili, kimoja kwa siku." Akanitajia siku tuliyoanza. "Inatakiwa vibaki kumi na tisa, Mama Zuhura."

Nikaanza kumnyooshea gunia chini ya miguu.

"Nimekosea wapi?"

Nikamwambia, "Labda umechanganya, Mwalimu. Ulikuwa umechoka."

Uso wake ulivyokuwa pale sitaki kuueleza. Hakunishuku hata chembe. Alijishuku yeye. Akarudia hesabu kwa sauti, polepole kama mtoto, akafika pale pale kumi na tisa, akarudia tena. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Basi na hiyo imeanza kuondoka." Akageukia ukutani.

Daktari alisema tusiache ghafla, na tuliacha ghafla. Siku nne tu, moyo ukawa unamkimbia hata amelala. Akisimama nilihesabu mia moja arobaini nikapoteza hesabu. Mkaguzi hakungoja mvua ziishe. Alifika siku ya tisa, kwa miguu, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini.

Alisimama mlangoni, akatutazama tulivyomzunguka. "Mwalimu, hili ni darasa au msiba?"

"Darasa," Mwalimu akasema. "Karibu."

"Simama basi nilione."

Bi Somoe akadakia, "Mheshimiwa, lala wewe kwanza tukuhesabu!"

"Unasemaje wewe mama?"

"Lala hapo mkekani. Tukuhesabu mapigo, halafu usimame tukuhesabu tena, halafu tutoe. Tofauti yako ikifika arobaini na nane, utafundisha umelala kama yeye. Sisi tunajua kutoa, yeye ndiye aliyetufundisha."

Wanawake wakaanza kusogeana kumpa nafasi, kweli kabisa, mmoja anamkung'utia mkeka. Yule bwana alikasirika, alidhani anachezewa. Mwalimu akasema, "Mwacheni," akajishika ukutani akainuka. Alifika ubaoni. Akaandika siku, akaandika tarehe, akaanza mwezi. Chaki ikateleza mstari mrefu mpaka chini, na yeye akaifuata.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alitusaidia kumwinua. Lakini aliandika alichokiona.

Mdogo wa kike wa Mwalimu alikuja kumchukua mvua zilipokwisha. Tulimsindikiza wote. Nilimbebea sanduku, nikampa mkono, na sikusema. Somoe naye hakusema, maana hakujua: alidhani vidonge viliisha kwa wakati wake. Nilijua mimi na Mola wangu.

Sijui wewe ukimkumbuka mtu unamkumbukaje. Mimi humkumbuka saa kumi. Nikiwa natoka shamba nakunja kushoto kwenda barazani kwake kabla sijakumbuka kuwa barazani kule wanaishi watu wengine. Nimesoma mpaka nikapata cheti, mwalimu mwingine alikuja, kijana mzuri, anasimama saa zote mbili, na nilikuwa namtazama nasikia shingo inaniuma. Nilitamani kuchuchumaa. Nilitamani kitambaa chekundu kinigonge pua. Nimekwenda na jambo hili kila mwezi wa Ramadhani, nimetubu kwa Mungu, na Mungu ni mwingi wa rehema. Lakini kosa langu lilikuwa kwa mtu, na la mtu unaliondoa kwa mtu mwenyewe.

Miaka ikapita. Zuhura wangu alichaguliwa sekondari, nikampeleka Mtwara mjini. Sokoni, kwenye mafungu ya dagaa, nikamwona yule mdogo wake. Mumewe alikuwa anafanya kazi bandarini. "Dada yuko kwangu," akaniambia. "Ila umetuwahi. Mume wangu kahamishwa Tanga, Jumamosi tunaondoka wote."

Nilimkuta chumba cha uani, pazia limeshushwa. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nikasema hodi tu, akasema, "Mama Zuhura." Kwa sauti. Nikakaa chini karibu na kichwa chake kama zamani. Aliuliza habari za kila mtu, nikampa kwa hesabu, wajukuu wa Somoe wangapi, mpunga magunia mangapi. Alikuwa anatabasamu macho ameyafumba. Aliniambia madaktari wengine walimpa dawa ile tena, safari hii haikumfaa kitu, wakampa nyingine ya presha, ile inamsaidia kidogo. Nikamwuliza kama anafundisha. Akasema padri alimwomba awafundishe watoto wawili watatu hesabu, hapo hapo kitandani. Alikataa.

"Kwa nini?"

"Mtu aliyeshindwa kuhesabu vidonge tisini hawezi kufundisha mtoto wa mtu."

Nikamwambia. Yote, na kwa namba. Nani alipewa, siku gani, vingapi. Kumi na tisa. "Hukukosea, Mwalimu. Hukukosea hata kimoja. Nilikudanganya."

Akafumbua macho. Halafu akauliza, "Na wao, viliwasaidia?"

"Hakuna hata mmoja. Bi Somoe alikaa kwenye maji."

Kikamtoka kitu kama kicheko, au siyo kicheko, sijui. Akaugeuza uso. "Miaka yote hii," akasema. "Nilikuwa nahesabu usiku. Narudia, narudia. Inakuja kumi na tisa." Machozi yalikuwa yanaingia sikioni kwake, na mimi sikuthubutu kumfuta. Niliomba msamaha. Niliomba kwa Mungu wangu na kwa Mungu wake.

Akasema, "Nina la kukujibu. Lakini sitaki kulisema nikiwa hivi. Njoo kesho."

Nilikwenda kesho yake asubuhi mapema. Mdogo wake alinizuia mlangoni. "Jana umekaa naye saa nzima. Leo hata kikombe hashiki. Hazungumzi, mwanga hautaki, mtu hamtaki."

"Nitangoja."

"Siku hizi akianguka hivi ni wiki."

Nilingoja. Nilikaa kwenye ngazi ya uani, ukuta mmoja kati yangu na yeye. Nilisali adhuhuri pale, nikasali alasiri pale, kanga yangu ndio mswala. Nilisikia kitanda kinalia mara mbili akigeuka. Sikumwita. Saa kumi nilikuwa sina budi, gari la mwisho la Mahurunga lilikuwa linaondoka na nyumbani nimeacha mtoto mdogo. Nikamwambia mdogo wake, "Mwambie nilikuja." Alikuwa anafunga masanduku. Akasema sawa bila kugeuka, na sijui kama alinisikia. Wiki iliyofuata nilirudi, nikitumaini safari imeahirishwa, nikapokelewa na watu wengine, watoto wengine wanacheza uani.

Jibu lake sinalo. Huenda alitaka kunisamehe, huenda alitaka kuniambia nisimkanyagie mlango tena. Lolote kati ya hayo ni haki yake. Mimi naishi nalo hivyo hivyo, nasali, nalea, na saa kumi ikifika najua ni saa kumi.

Sasa nina ombi kwako, mwenzangu. Habari hii usikae nayo peke yako. Msimulie anayesuka nywele na wewe, msimulie jirani. Kama mna mtu ndani anaitwa mvivu, mlazeni mumhesabu, msimamisheni mumhesabu tena, halafu mpelekeni kwa daktari na hizo namba. Msimpe kidonge cha mtu mwingine, wala cha kwake msikigawe, hata anayeomba awe kungwi wako. Na wewe unayekwenda Tanga, au una ndugu Tanga, uliza taratibu kama kuna mwalimu amelala chumba cha uani. Ukimpata usimchoshe. Usimuulize jibu langu. Mwambie tu kwamba ile kesho aliyoniambia, nilikuja.